Tezi ya Zedekiah Kweyu

Kama kuna kitu Zedekiah Kweyu alichokichukia kuliko kuugua, ni kuugua halafu watu wakamchagulia ugonjwa. Na mtaani Jericho watu wanajua kuchagua. Alipoanza kukonda, mikono ikimtetemeka mpaka chai inamwagikia sahani, majirani walisema ni bangi aliyoizoea jeshini. Mchungaji alisema ni pepo, tena akataja na idadi: watatu. Musab wa duka alimshauri apunguze miraa, na Zedekiah hajatafuna miraa tangu azaliwe.

Alikuwa mwanajeshi miaka kumi na mmoja, miwili kati ya hiyo akiwa vitani Somalia. Siku hizi alilinda geti la ghala moja Industrial Area, zamu ya usiku, na mchana akalala. Yaani, alijaribu kulala. Moyo ulimwenda mbio akiwa amejinyoosha tu kitandani, jasho likamtoka hata mwezi wa saba, wakati watu wazima wanavaa sweta mbili. Lori likifunga breki kwa ghafla barabarani, yeye tayari yuko chini ya kitanda.

Mambo yaliharibika Jumatano moja ya likizo ya shule, saa nane mchana. Mkewe, Roseline, alikuwa ameshamwekea ugali na sukuma. Siku zote alimwamsha kwa kumwita kutoka mlangoni, lakini siku hiyo aliinama akamgusa bega. Zedekiah alipozinduka, mikono yake miwili ilikuwa shingoni mwa mkewe, anabana kwa nguvu zote, na binti yao wa miaka tisa, Jacklyne, amesimama pembeni anapiga nduru.

Roseline aliondoka jioni ileile na mtoto, akaenda kwa wazazi wake Huruma. Hakumtukana wala hakulia. "Baba Jacky, kama unaugua, lete karatasi ya daktari niione," alimwambia. "Kama huugui, usinifuate."

Basi Zedekiah alikwenda kutafuta karatasi. Alitolewa damu kwenye kliniki, na wiki iliyofuata akaitwa na Daktari Khawla, mwanamke wa Mombasa asiyekuwa na haraka.

"Kuna homoni inaitwa T3," alisema daktari. "Yatoka kwenye tezi hii ya shingo, na ndiyo inayoupa mwili kasi. Yako imepanda. Lakini tezi yenyewe sioni ikiugua. Haijavimba, na vipimo vingine viko sawa. Kuna wanajeshi waliorudi na mshtuko wa vita, walipopimwa wakaonekana hivihivi. Kipi kinaanza na kipi kinafuata, wataalamu wenyewe bado wanabishana. Dawa ya tezi sitakupa. Cha kutibiwa ni hicho ulichorudi nacho kutoka huko."

"Nilikuja kuchukua karatasi, daktari. Sikuja kupiga stori."

Daktari alimtazama, akamwandikia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majibu ya damu. Wa pili ulieleza mshtuko wa vita, na kwamba arudi Jumatatu saa tatu asubuhi pamoja na mkewe, waanze kuzungumza.

Kakake Zedekiah, Andati, alizeeka akigonga mihuri ofisi za kanjo, baraza la jiji, kwa hiyo karatasi yoyote ya ukoo lazima ipite kwake. Aliusoma ukurasa wa kwanza akapiga makofi. "Tezi! Zede, umeokoka! Tezi haina aibu. Mtu akiuliza, unamwambia ni tezi, na mambo yanaisha." Ukurasa wa pili aliukunja, akautia mfuko wa ndani wa koti. "Haya mengine ni ya kichwa. Ukweni hatupeleki mambo ya kichwa."

Zedekiah alinyamaza. Hapo ndipo alipokosea, naye alijua anakosea, lakini alimtaka mkewe nyumbani kuliko alivyoutaka ukweli.

Jumamosi walikwenda ukweni. Walipofika Kiamaiko kwenye machinjio ya mbuzi, Andati aliingia kununua paja la mbuzi la kupeleka, Zedekiah akabaki barabarani ameyapa machinjio mgongo. Sauti ya mbuzi anayekatwa koo hakuiweza tena. Kakake aliporudi na mfuko wake unaodondosha damu akacheka, akasema soja mzima anaogopa kitoweo. Zedekiah alitamani kumtandika palepale.

Kwa watu wao, mkwe hamshiki mama mkwe mkono wala hamtazami usoni, na siku ya kesi hafungui mdomo. Aliyemsindikiza ndiye humsemea. Kwa hiyo mama mkwe alikaa jikoni nyuma ya pazia, Zedekiah akawekwa kiti cha karibu na mlango, macho chini, na Andati akasimama na karatasi yake. Roseline alikaa kando ya baba yake, kitambaa kimezungushwa shingoni na joto lote lile.

"Wazee wangu," Andati alianza, "kijana wetu hakumpiga mke. Ni tezi. Daktari amepima damu, imeandikwa hapa. Hii tezi ikipanda inampandisha mtu hasira, hajui anachofanya. Inatibika."

"Kumbe ni tezi!" alisema baba mkwe, akashusha pumzi. Shangazi mmoja akakumbuka jirani aliyekatwa tezi akapona kabisa, mwingine akauliza kama chumvi haisaidii. Chai ikaanza kumiminwa. Walikuwa wamefurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyomchoma Zedekiah. Tezi ilikuwa imekosa nini? Ilichofanya ni kumtumikia mtu ambaye mwili wake haujawahi kuambiwa kwamba vita vimekwisha. Sasa ndiyo inabebeshwa kila kitu, ili watu wanywe chai yao.

"Si tezi," alisema.

"Zede, nyamaza," Andati alimnong'oneza.

"Nimesema si tezi! Toa ile karatasi nyingine uliyoficha kwa koti!"

Vikombe vilisimama njiani. Zedekiah alikuwa ameinuka, akavunja mwiko mbele ya wote.

"Gari letu lilipinduliwa na bomu. Rafiki yangu aliingiwa na chuma hapa." Alijigusa koo. "Redio imekufa, hakuna wa kuita. Niliziba na mikono yangu miwili nikabana. Karibu saa nzima nimebana tu. Helikopta ilipokuja, alikuwa amekufa kitambo, na mimi bado nabana. Walinibandua vidole kimoja kimoja." Alimgeukia mkewe. "Mama Jacky, sikuwa nakukaba. Nilikuwa naziba."

Alikuwa bado hajamaliza.

"Miaka sita! Mchungaji ananihesabia pepo, majirani wananivutisha bangi, na wewe, kaka yangu wa tumbo moja, unanipaka tezi! Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza!"

"Nani hakukuuliza?"

Alikuwa Roseline. Naye alikuwa ameinuka.

"Kila Krismasi nimekuuliza Seth yuko wapi. Seth aliyetusimamia harusi. Seth yuko kwa picha juu ya tivii yetu! Ukaniambia amehamishwa, kumbe ndiye huyo. Mwaka jana Jacky akamchorea kadi, ukaichukua, ukasema utamfikishia. Nikuulize mara ngapi, Baba Jacky? Nikuulize kwa lugha gani?"

Hasira yote aliyokuja nayo Zedekiah ilikuwa imekosa pa kusimama.

"Kadi uliipeleka wapi?"

"Iko kazini," alisema. "Kwa kibanda cha geti. Nimeibandika ukutani."

Roseline alimnyooshea Andati mkono. "Shemeji, hiyo karatasi." Andati alimtazama baba mkwe, ambaye hakumsaidia, akaingiza mkono kwenye koti akaitoa. Roseline aliisoma palepale, mpaka chini, kisha akarudia. Alipomaliza alikilegeza kile kitambaa shingoni, na alama zilizobaki za vidole zikaonekana. Hakuzificha.

"Jumatatu saa tatu," alisema. "Tutakutana huko huko. Na sitawekwa nje kwa benchi nikingoja kuambiwa ni tezi. Nitaingia."

Zedekiah alitikisa kichwa kukubali.

"Na ile kadi uje nayo."