Nilimfungia mzigo wa kambi, akanikana mbele ya gari la shule

Alhamisi asubuhi nilimpoteza binti yangu wa pekee, na hajafa. Yuko kambini na wenzake, mzima wa afya.

Admin, nifichie jina. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Jibondo, naishi Kilindoni. Baba wa mtoto alivuka kwenda bara binti akiwa bado ananyonya, hajarudi mpaka leo. Nilianza na beseni moja la pweza wa kukaanga, sasa nina friza zangu na kinamama wawili ninaowalipa. Shule niliishia la saba, lakini kwenye hesabu hanichezei mtu.

Binti yangu, tumwite Zuhura, yuko kidato cha tatu. Shule ilitangaza safari ya mafunzo, kulala kwenye mahema huko kaskazini, mbele ya Kirongwe, warudi Jumamosi. Hajawahi kulala mbali na mimi. Wiki nzima nilihangaika kama namuoza. Chandarua nilikitandaza juani nikashona kila palipotoboka, nguo nikazifunga kwenye mifuko ya nailoni zisilowe, asubuhi ya safari nikachoma mkate wa kumimina.

Sasa maji. Sisi tuliokulia Jibondo, mzigo wa safari unaanza na maji ndipo chakula. Kisiwani kwetu visima ni vya chumvi, utotoni maji ya kunywa yalitufikia kwa boti, na kila dumu liliandikwa jina kwa rangi, maana ufukweni madumu yote yanafanana na ugomvi wake si wa kitoto. Nikapiga hesabu ya kunywa, ya kutawadha na ya akiba, ikanijia lita ishirini. Nikajaza dumu, nikaweka nailoni chini ya mfuniko, nikaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: ZUHURA WA MAMA PWEZA, JIBONDO. Ndivyo wateja wanavyoniita. Sikuona ubaya.

Zuhura alitangulia na begi. Mimi nikafuata kwa bodaboda, dumu mapajani, mkate mkononi. Nashuka tu, kijana mmoja juu ya gari akapiga kelele, "Jamani, kisima kimefika!" Mwenzake akasoma maandishi kwa sauti. "Mama Pweza? We Zuhura, si ulisema mama yako mhasibu Dar?"

"Mhasibu wa mikia ya pweza!"

Gari zima likacheka. Mwalimu wao, binti wa bara mwenye adabu zake, akanisogelea. "Shikamoo mama. Kule visima vipo, maji hatubebi. Wewe ndiye mzazi wa Zuhura?"

Kabla sijafungua mdomo, Zuhura akajibu, macho chini: "Hapana mwalimu. Huyu dada wa kazi. Mama yuko Dar."

Nikaitikia marahaba. Nikanyoosha mkono na mkate. Zuhura akaupokea kwa mikono miwili, kama nilivyomfunza, akasema, "Asante, dada."

Nimerudi na dumu langu. Tangu siku hiyo sijakaanga kitu, kinamama wanajiendeshea wenyewe.

Jana imeingia meseji ya Zuhura, kwa simu ya kuazima: "Mama nisamehe. Kesho mzazi lazima aingie shuleni asaini ndipo niondoke. Mwombe anti mpangaji aje yeye, avae za ofisini. Wewe nisubiri nyumbani. Nakupenda mama."

Mpangaji wangu, mfanyakazi wa serikali, nimemwonyesha. Akasema, "Utoto tu huo, dada. Naenda nasaini, yanaisha."

Yanaishia wapi? Akisaini yeye, mimi ni dada wa kazi shuleni hapo mpaka Zuhura amalize. Siku ya mahafali nitakaa wapi? Nikienda mimi, namuumbua mwanangu mbele ya wale wale waliocheka, na mwakani ana mtihani. Namjua, anaweza akaacha shule kwa aibu. Niliyemlea peke yangu nimvunje kwa mguu wangu mwenyewe?

Msiniandikie "pole mama", pole zimenijaa. Gari linaingia leo saa kumi jioni. Nataka jibu moja kutoka kwa kila mmoja wenu: niende mimi, au aende mpangaji? Nijibuni kabla ya saa tisa. Saa tisa naingia kuoga, na nikitoka lazima niwe najua kama navaa baibui la kutokea au nampisha mlangoni mtu mwingine akamchukue mwanangu.