Picha ya Nyonga ya Attracta

Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa hiyo atakayeona herufi zangu zimelala upande avumilie. Naandika habari za wifi yangu Attracta, mke wa marehemu kaka yangu Malachy. Nyumba yake na yangu zilishikana ukuta mmoja, miaka hamsini na mitano.

Alikuwa fundi wa kufuma sweta, mkali wa ulimi, na hakupanda ngazi tena tangu alipozaa, mwaka 1961. Hospitalini walimkata kiungo cha mbele cha nyonga, mfupa ukaachana kama geti, mtoto apite. Hawakumwuliza, hawakumwambia. Alirudi akichechemea, akidhani kila aliyezaa hutembea vile.

Siku zile mzazi hakukata mkate wala kuteka maji mpaka padri ambariki mlangoni mwa kanisa. Mimi ndiye niliyempeleka. Akapiga magoti na mshumaa wake, padri akamaliza, naye hakuinuka.

"Inuka, wifi. Watu wanatutazama."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Unatuaibisha."

Nikamshika kwapani nikamvuta. Ndani yake kikalia kitu: tak. Tangu siku hiyo kililia kila hatua. Kupitia ukutani nilimsikia akienda jikoni, akirudi. Tak. Tak. Sikumwomba radhi. Sina desturi hiyo.

Tulipokuwa vikongwe, serikali ikafungua ofisi Dublin, ya kuwafidia wanawake waliokatwa vile, ikatoa siku ishirini tu za kuomba. Hospitali ikasema faili lake halionekani. Attracta akapigwa eksirei. Pale mbele pana pengo la kuingiza kidole. Akaituma. Ofisi ikajibu kwamba ushahidi hautoshi, na kwamba nyaraka zitakatwakatwa kwa mashine tarehe fulani, ila mwenyewe akizidai.

"Pesa zao wakae nazo," aliniambia. "Picha yangu naitaka. Ndiyo pekee inayosema sikuwa mvivu."

"Utaipata."

"Usiniahidi wewe. Wewe ndiye uliyenivuta."

Akafa wiki moja kabla ya tarehe. Tulimzika Jumanne. Jumatano asubuhi namimina chai, nikasikia ukutani: tak. Tak. Kwenda jikoni, kurudi. Nikachukua ufunguo nikaenda. Nyumba tupu, jiko baridi. Ijumaa, siku ya mwisho, sauti ikaja hadi mlangoni kwangu, ikasimama. Nikavaa koti, nikatokea mlango wa nyuma, nikapanda treni ya Dublin.

Karani alikuwa binti mpole.

"Pole, mama, lakini lazima mwombaji atie sahihi mwenyewe."

"Tumemzika Jumanne."

"Basi mwanawe."

"Fintan yuko Australia. Na mashine yenu ni leo."

"Utaratibu ndio huo, mama."

"Basi nitakaa hapa hapa."

"Tunafunga saa kumi na moja."

"Fungeni. Nimewahi kulala na ng'ombe, sembuse na makarani."

Akacheka. Ndipo koridoni, nyuma yangu, kukasikika: tak. Tak. Binti akainua uso.

"Mwambie mwenzako aingie akae, mama. Na miguu ile, kwa nini anasimama nje?"

"Sikuja na mtu."

Akatazama mlango kwa muda mrefu. Mimi sikugeuka. Watu watasema ni kiburi. Siku hiyo hakikuwa kiburi peke yake. Rangi ikamtoka binti wa watu. Akaingia ndani, akarudi na bahasha kubwa, akanisukumia bila kunipa kalamu.

Nyumbani nikaibandika picha kwenye kioo cha dirisha. Jua la jioni likapita kwenye lile pengo, likaanguka sakafuni kama mchirizi wa maziwa. Mlangoni: tak. Kisha ndani. Kisha karibu na moto, kando ya kiti alichopenda kaka yangu.

"Picha yako hiyo," nikasema. "Na pale kanisani nilikosa. Kaa, wifi. Usiinuke."

Kiti kikalia mara moja, kama kinavyolia kikipata mtu. Tangu hapo ukuta uko kimya. Kile kiti sijakikalia.