Tulienda kumchumia chai Mama Chelangat, tukajikuta kwa shamba la mzee niliyemkosea

Wakuu, salamu kutoka huku Roret kwa mashamba ya chai, ambako mvua haitupi nafasi ya kuanika hata soksi. Ninayowaletea ni ya kweli tupu. Mke wangu amesimama nyuma yangu akisoma kila ninachoandika, kwa hivyo kuongeza chumvi haiwezekani.

Mimi ni Mkisii, nauza mitumba sokoni. Nimeishi huku miaka kumi na mbili, na mimi ndiye chairman wa fellowship ya mtaa wetu. Tuko watu kumi na mmoja. Cheo si kikubwa lakini nakipenda, siwafichi.

Jumapili moja pastor alihubiri kuhusu kuhimizana kutenda mema. Akasema upendo wa kuimbwa tu haujawahi kumbebea mtu kikapu.

Hiyo ilituingia. Tulipotoka nje tukakubaliana kwamba Jumanne tutamchumia chai Mama Chelangat. Huyu ni mjane aliyeteleza kwa tope akavunjika mkono, na sasa ana plasta hadi kwa kiwiko.

Kwa wasiojua chai: jani halingoji mtu. Likipitisha siku zake linakuwa gumu, na karani wa buying centre, pale tunapouzia jani, analitupa bila hata kukuangalia usoni. La mama lilikuwa limefika ukingoni. Lori la kiwanda lingekuja Jumanne hiyo saa tisa, na likiondoka bila jani lake, jani lake lote la mzunguko huo lingeharibika. Hiyo chai ndiyo inalisha watoto wake.

Saa moja asubuhi tuko njiani, vikapu mgongoni. Ukungu ulikuwa mzito, unaona tu kisogo cha aliye mbele yako. Mtu mmoja akauliza kama tumpigie mama simu atuelekeze.

Nikasema haina haja. Shamba nalijua, lina mti wa bluegum kwa kona.

(Mke wangu hapa amecheka.)

Tukaona bluegum, tukaingia. Majani yalikuwa yamekua kupita kiasi, tukasema kweli mama amezidiwa. Tukaanza.

Wakuu, sijawahi kufurahia kazi namna ile. Nyimbo, utani, vicheko. Sister Chepkemoi, ambaye kazi yake ni kuchuma chai kwa estate na alikuwa off siku hiyo, alichuma kwa mikono miwili kama anacheza. Mimi sikuwa nimefunika hata chini ya kikapu.

"Chairman," akaniambia, "wewe unachagua jani kama unachagua shati."

Saa nne ukungu ukainuka. Nikaona nyumba ya paa la kijani.

Mama Chelangat hana paa la kijani. Mtaani kwetu ni mtu mmoja tu aliye nalo, na huyo ni Mzee Koros.

Niwaeleze. Mwaka uliopita, mbele ya fellowship nzima, nilisema Mzee Koros ni hodari wa maombi marefu lakini siku ya kazi haonekani. Watu walicheka. Yeye akachukua kofia yake, akaenda, hakurudi tena. Nilijua nimekosea tangu siku hiyo, lakini kiburi kilinizuia kumwendea. Nilikuwa nikimwona sokoni napita upande mwingine.

Sasa nipo katikati ya chai yake na jani lake limo kwa kikapu mgongoni mwangu.

Mzee akatoka na fimbo, anachechemea. Akatazama mistari tuliyomaliza, kisha akavua kofia.

"Chamgei," akatusalimia. "Mimi nilisema nyinyi mmenisahau. Mguu imenikataza kuchuma wiki tatu sasa, na sikuambia mtu. Nani aliwaambia?"

Wote wakanigeukia.

Ningeweza kusema ni Roho Mtakatifu. Wakuu, ilinijia kabisa, nilikuwa hata nimefungua mdomo. Tungekunywa chai ya maziwa na ningeitwa mtu wa Mungu. Lakini jani la Mama Chelangat lilikuwa bado limesimama shamba la pili, na kila dakika ya kupongezwa nilikuwa namnyang'anya yeye.

"Mzee, hakuna mtu alituambia," nikasema. "Tumepotea. Tulikuwa tunaenda kwa Mama Chelangat, na mimi ndio nilikuwa naongoza. Na yale maneno nilikusema mbele ya watu, nilikosa. Nisamehe."

Hata Chepkemoi aliacha kuchuma.

Mzee akaanza kucheka polepole, akacheka hadi akakaa chini kwa nyasi.

"Mungu aliona ukiachiwa macho yako hutakuja kwangu," akasema, "akaleta ukungu." Kisha akaninyooshea mkono nimwinue. "Haya, songeni. Saa inaenda."

Tukamwaga jani lake kwa gunia liende na lori hilo hilo, naye akaita wakaza wanawe wawili waje kutusaidia. Yeye mwenyewe akaja na kistuli, akatandika gunia mwisho wa mstari wa Mama Chelangat, akawa anachambua jani gumu kutoka kila kikapu. Changu kilimchukua muda.

Tulifika buying centre lori likigeuza. Karani akaingiza mkono hadi chini, akachanganya, hakupata cha kutupa. Mama Chelangat alinikumbatia kwa furaha na ile plasta ikanigonga sikio. Sikuhisi chochote.

Wiki mbili baadaye narudi kutoka sokoni saa nane, jua linawaka, namkuta Mzee Koros ameketi kwa kistuli katikati ya sukuma wiki yangu. Amepalilia karibu yote.

"Mzee, unafanya nini?"

Hakucheka hata kidogo. "Pole, Baba Moraa. Nimepotea. Ukungu ni mwingi."

Niliingia nyumbani nikalia kidogo, na mke wangu anasema si kidogo.

Tangu hapo fellowship yetu imeharibika kabisa. Mtu akiamka anakuta ng'ombe wake amekatiwa nyasi, na ukiuliza, kila mtu alipotea.

Nilichojifunza ni kwamba mtu unayemkwepa huenda anahitaji msaada kuliko yule uliyempangia. Na kuomba msamaha hakukuwa kugumu kama nilivyoogopa mwaka mzima.

Nanyi wakuu, nani huko kwenu amewahi kupotea hivi? Niachieni visa vyenu hapa, nitavisoma jioni. Leo mvua imetuachia kidogo na jua ni kali, ngoja nichukue shoka. Sister Chepkemoi ana kuni hazijapasuliwa, na naona ukungu unaanza kuingia.