Kiangazi cha Kumnywesha Sungura

Muhogo uliolowekwa una harufu inayomfanya mgeni azibe pua, lakini sisi watu wa Kalemie tukiisikia tunaanza kuulizia chakula. Nyumba yetu ilikuwa chini kabisa, karibu na ziwa, na kila kiangazi kina mama wa mtaa walimenya mihogo mchana kutwa, wakaizamisha majini ilainike, kisha wakaianika juu ya mawe na mikeka pamoja na ndakala, vile visamaki vidogo visivyozidi kidole. Upepo wa ziwa ulizichanganya harufu hizo mbili na kuzileta mpaka kitandani, hata shuka zetu zilinuka chakula. Kiangazi ninachotaka kusimulia, nilipokuwa nimemaliza darasa la nne, harufu ya tatu ilijiunga nazo. Ilitoka uani kwa jirani yetu Papa Anselme, nyuma ya jiko lake, na haikuwa ya chakula hata kidogo.

Papa Anselme alikuwa katekista, mtu wa sauti nene na viatu vilivyopigwa rangi kila siku, na ndiye wa kwanza mtaani kwetu kufuga sungura. Aliwaleta ndani ya kapu, akawajengea kibanda cha mbao na waya, akatutangazia watoto kwamba mwaka ukigeuka tutakuwa tunajikwaa kwenye sungura. Kisha baba yake akaugua kule Kirungu, juu milimani, naye akapanda mashua ya Moba, bandari ya kwenda huko, pamoja na mkewe na binti yao, akamwachia mpwa wake Trésor nyumba na kibanda. Trésor hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na pikipiki ya kubebea abiria, na kijana mwenye pikipiki hukumbuka mafuta kwanza, wasichana baadaye, na sungura kama siku bado imebaki. Akikumbuka, aliwatupia maganda ya muhogo yaliyokauka, akawasha chombo chake akaondoka. Sungura wakafa mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki dume mmoja wa kijivu, ambaye nilimkuta siku niliyotumwa kwenda kuazima kinu.

Alikuwa amelala juu ya mkojo wake, manyoya ya tumbo yamegeuka manjano, masikio yameanguka. Nilipopitisha mkono kati ya waya na kumgusa, mgongo wake ulihesabika kama meno ya kitana, na hakushtuka. Hilo la kutoshtuka ndilo lililonikasirisha. Kuna watoto ambao wangelia. Mimi tangu utotoni hasira yangu hutangulia na machozi hufuata yakipenda. Nilimwendea Trésor aliyekuwa anapangusa pikipiki yake kwa kitambaa safi kuliko kibanda kile, nikamwambia sungura anakufa. Hata hakuinua kichwa.

"Basi umuchukue," alisema. "Lakini ujue ni ya Papa Anselme, hapana ya miye."

Nilisahau kinu. Nilirudi nyumbani nikimkumbatia sungura kifuani, na Mama, aliyekuwa anapepeta ndakala kutoa mchanga, akasimamisha ungo hewani. Kwetu mnyama wa mtu akifia uani kwako, hata kama aliletwa akiwa anakata roho, ni wewe utakayekaa kwenye kiti mbele ya mwenyewe na kueleza, na maelezo hayo hayajawahi kumridhisha mwenye mali.

"Unaleta maiti ndani ya nyumba yangu, Mauwa?" aliniuliza.

"Anapumua, Mama."

"Hata samaki kwenye wavu anapumua."

Lakini hakunirudisha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na Mama njaa alikuwa anaijua. Alinionyesha kona ya ukuta isiyopigwa na upepo, akarudi kwenye ungo wake. Nilikivuta kibanda chake toka kwa jirani mpaka pale, nikakwangua uchafu kwa kipande cha bati, nikatandika majani makavu, nikampa mgonjwa jina la Shefu, kwa sababu maishani mwangu nilikuwa sijaona shefu, mkubwa wa watu, aliye mwembamba. Kisha nikamletea maganda. Aliyanusa, akageuza uso. Nikamletea maganda mengine, ya juani, makavu zaidi, nikidhani ndiyo mazuri zaidi. Akageuza uso tena. Nilimwita mwenye maringo, nikamwambia kwamba kwetu hapa kila mtu anakula kilichopo.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa natoka ziwani na ndoo kichwani, maji yananimwagikia mikononi, nikachutama mbele ya kibanda kumtazama. Shefu alijikokota, akatoa ulimi mdogo wa waridi, akaanza kulamba vidole vyangu. Alilamba kidole kimoja mpaka kikauka, akahamia kingine, kisha akalamba waya mahali tone lilipoangukia. Nilibaki pale na ndoo kichwani mpaka shingo ikauma. Nilielewa kwamba mnyama huyu alikuwa akisikia mawimbi usiku na mchana, na hakuna aliyewahi kumpa maji.

Na si Trésor peke yake. Mtaani kwetu ilijulikana, kama inavyojulikana kwamba moto unaunguza, kwamba sungura hanywi maji, na akinywa anaharisha na kufa. Papa Anselme aliwaambia watu wote hivyo, na watu wote walikuwa wamemwambia yeye hivyohivyo, kwa hiyo hapakuwa na wa kupinga. Nilipomwambia Mama nataka kumpa Shefu maji, aliniangalia kama mtu aliyeomba ruhusa ya kuchoma nyumba.

"Maji njo inaua sungura, kila muntu anajua," alisema. "Uliona wapi sungura ya pori inashuka ku ziwa kunywa?"

Nililibeba swali hilo mchana mzima, nikitwanga nalo, nikifagia nalo. Jioni nikarudi kwake.

"Mama, ile ya pori inakula majani ya umande. Hii yetu inakula maganda. Maganda iko na maji gani?"

Mama alisukuma kuni ndani ya jiko. Hakupenda kushindwa maneno na mtoto, lakini hakupenda pia kusema uongo. "Sawa, umupe," alisema mwishoni. "Lakini akikufa, njo weye utasimama mbele ya Papa Anselme, hapana miye."

Nilichukua kikopo cha nyanya, nikakunja kingo zake kwa jiwe zisimkate, nikakijaza. Shefu alikunywa bila kupumzika, koo lake likicheza, masharubu yakidondosha matone. Niliogopa na nikafurahi, vyote pamoja. Kesho yake masikio yalikuwa yamesimama, moja zaidi ya jingine, na aliponiona alisogea mwenyewe. Basi furaha ikanipanda kichwani. Nilikimbia mpaka bustani za mto Lubuye, nikaomba matembele, majani yale ya viazi vitamu, nikarudi na furushi la kumtosha mbuzi. Shefu aliyala yote, nami nikamtazama kama bibi harusi anavyotazamwa.

Kabla jua halijazama, tumbo lake lilikuwa limewambika kama ngoma. Alikaa kajikunja, anasaga meno, hataki kuguswa. Majirani walikuja, kwa sababu mtaani kwetu aibu ya mtu haikosi watazamaji, na kila mmoja alinyoosha kidole kwenye kikopo. Trésor naye alipita, akatikisa kichwa kama daktari. Mama, ambaye methali zake alizipata kwa wafanyabiashara wa Kigoma waliokuwa wakifikia kwetu, alinisomea ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akainama akichukue kikopo. Nilikiwahi. Nikakaa chini mbele ya kibanda, kikopo katikati ya magoti yangu, nikasema sikitoi.

Ukaidi ulikuwa sehemu tu ya jambo lenyewe. Vitu viwili viliingia kwenye tumbo lile. Maji aliyanywa jana, akaamka mzima. Matembele aliyala leo mchana, na jioni hii tumbo limeumuka. Niliwaeleza watu wazima wale kwa kelele, nikirudia, na hawakunisikiliza, kwa sababu mimi nilikuwa mtoto na kikopo kilikuwa pale kinaonekana. Waliondoka mmoja mmoja wakisema Papa Anselme atasikia. Niliogopa kweli. Nilimwona akilini Papa Anselme kwenye kiti chetu, sauti yake nene, na mimi nimesimama mbele yake. Lakini niliogopa zaidi kwamba wakimnyima maji tena atakufa, na wote wataamini kwamba wao ndio walikuwa na haki. Nilimpakata Shefu mapajani, nikamkanda tumbo taratibu kwa kiganja, toka juu kwenda chini, jinsi Mama alivyokuwa akinikanda mimi, na kila baada ya muda nikamwekea mdomoni tone la maji kwa kidole. Mama aliniletea shuka, akanifunika mabega. Asubuhi mapema nilikuta punje nyeusi chini ya kibanda, kavu na za mviringo, na sijapata kufurahia mavi ya kiumbe chochote kama nilivyofurahia yale.

Toka hapo nilijifunza kujizuia, na kwangu hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kukimbia. Matembele machache, yaliyonyauka kwanza kivulini. Nyasi za kando ya mto kila alfajiri, maana juu kote kiangazi kilikuwa kimezichoma. Kikopo kuoshwa kwa mchanga na kujazwa upya. Watoto wenzangu waliniita muganga wa sungura na kuniletea mijusi wagonjwa kunicheka, nami niliwafukuza kwa ufagio. Haba na haba hujaza kibaba: kwanza mgongo uliacha kuhesabika, kisha manyoya yakatoka upya, kisha siku moja nikamwinua nikahisi uzito wa kweli mikononi, na Shefu akanipiga teke la tumbo kwa miguu ya nyuma. Nililia siku hiyo. Mnyama anayekufa hapigi teke.

Papa Anselme alirudi shule zikikaribia kufunguliwa, na magunia ya maharage ya Kirungu na habari njema: baba yake amepata nafuu, na binti yake amepata mchumba hukohuko milimani. Alikuja kwetu kusalimia, akasimama mbele ya kibanda, akazunguka upande wa pili, akarudi. Hakuamini. Aliniwekea mkono kichwani akanibariki, kisha akasema kwa furaha kabisa kwamba Mungu hamwachi mtu wake, maana Jumapili wakwe wanakuja kujitambulisha na yeye hakuwa na nyama ya kuwawekea mezani. Wakwe kwetu hawapewi ndakala. Ukiwapa ndakala, utaulizwa habari hiyo mpaka wajukuu waoe.

Nilisimama kati yake na mlango wa kibanda.

"Papa," nilimwambia, "uliacha mifupa. Nyama niliiweka miye. Chukua mifupa yako, nyama ibaki."

Mama alivuta pumzi kwa nguvu. Papa Anselme hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alinieleza polepole, kama kwenye mafundisho, kwamba ingekuwa mbuzi angenipa mtoto wake wa kwanza, ndiyo desturi, anayemfugia mwenzake hupata mzao wa kwanza. Lakini dume peke yake hana mzao, basi atanipa nini? Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Niliitafuta sheria ya kumjibu sikuiona. Nilichokuwa nacho ni miguu yangu miwili, nami sikuiondoa pale.

Ndipo Mama alipokwenda nyuma ya nyumba. Tulisikia mbawa na vumbi. Alirudi na kuku wake, yule mwekundu aliyekuwa anataga, miguu tayari imefungwa kwa kamba ya wavu, akamkabidhi Papa Anselme kwa mikono miwili.

"Papa, wakwe njo wanapewa kuku," alisema. "Ukiwawekea sungura iliyochunwa, watasema walifika kwenu mukawapa paka."

Papa Anselme alitazama kuku, akatazama kibanda, akaona paka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, akachukua kuku akaenda zake. Shefu alibaki kwetu, akanenepa kulingana na jina lake, akafa mzee usingizini.

Uani pale sasa hapakanyagiki. Ziwa limepanda miaka hii, limetufuata mpaka jikoni, na wengi wetu wa kule chini tumehamia juu mlimani. Nina sungura wangu, na maji yao nayapandisha kwa ndoo. Majirani vijana hawanicheki, na sungura wao pia wanakunywa maji, na ukiwaambia zamani tulikuwa tunawanyima wanadhani unawatania. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama ushindi wangu: kikopo changu, ukaidi wangu, miguu yangu mlangoni. Leo nina watoto na nina kuku anayetaga, na najua yai ni kitu gani asubuhi mtoto anapokwenda shule. Nimejiuliza kama ningemfunga huyo kuku kamba kwa ajili ya sungura wa mwanangu, na kusema kweli sijui. Mwaka ule hatukula yai nyumbani tena, na Mama hakulitaja. Juzi, Mama akiwa amekaa mlangoni kwangu na ungo wake, nilimwambia hatimaye kwamba nilikuwa sijamshukuru kwa yule kuku mwekundu. Aliendelea kupepeta.

"Kuku gani?" aliniuliza.