Kaka yangu hajarudi, lakini kila alasiri anaandika "Nimevuka"

Admin, nifichie jina, maana Kamembe tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, naishi na Mama. Natengeneza programu za simu kwenye kampuni ya kupitisha mizigo kati ya hapa na Bukavu. Kaka yangu, nitamwita Saidi, alikuwa akisindikiza mizigo ya kampuni hiyohiyo. Mtakaocheka, chekeni, ila msome kwanza mpaka mwisho.

Kwetu kuna desturi: anayevuka mpaka lazima aseme amevuka, la sivyo Mama hali chakula. Ndiyo maana nilipotengeneza programu ya wafanyakazi niliweka kitufe. Ukirudi upande wetu pale Rusizi ya kwanza, kwenye daraja la mpakani, unabonyeza, ofisi inajua mzigo umepita, na mtu mmoja wa nyumbani kwako anapata maneno uliyoyaandika mwenyewe. Ya Saidi yalikuwa, "Maman, nimevuka. Weka chai." Mama akiyapata anabandika birika, na Saidi akishuka kwenye pikipiki mlangoni, chai imeshachemka.

Siku ile risasi ziliposikika ng'ambo, Saidi alikuwa huko tangu asubuhi. Hakurudi. Tumetafuta hospitalini, tumetafuta kwa jamaa, tumeuliza wabeba mizigo wote wa mpakani. Namba yake haipatikani kabisa. Wazee wa msikiti walipokuja kwa upole kuomba aswaliwe swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, Mama aliwaonyesha kofia ya Saidi iliyotundikwa ukutani, akawajibu, "Mutaswalia nani? Minaona kofia yake tu. Muntu sijaona."

Sasa sikilizeni. Programu yangu imesimama juu ya jukwaa kubwa ambalo kampuni inalikodi, kama mtu aliyejenga chumba kwenye kiwanja cha wengine. Wenye jukwaa wakitoa toleo jipya wanaandika na maelezo: haya ndiyo mambo mapya, na haya ndiyo matatizo tunayoyajua. Yaani wanajua ng'ombe anachechemea na bado wanakuuzia. Mimi niliweka toleo jipya kama kawaida yangu. Alasiri hiyohiyo simu ya Mama ikalia kule sokoni anakouza vitenge: "Maman, nimevuka. Weka chai."

Mama aliacha vitenge vimetandazwa, akakimbilia mpakani peku. Nilimkuta amesimama akikagua nyuso za watu wanaotoka darajani, na mimi mwenye akili zangu nikaanza kukagua pia. Hatukumwona. Kesho yake ujumbe ukaja tena, na keshokutwa.

Nilifungua yale maelezo. Kwenye matatizo yanayojulikana waliandika kwamba ujumbe wa zamani unaweza kujirudia. Nikamweleza Mama kwamba ni hitilafu, mashine inarudia maneno ya zamani. Akaniangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyemwaga maziwa.

"Weye unasema masini. Masini inajua mimi niko mama yake?"

Akabandika birika. Tangu hapo kila alasiri anamimina kikombe cha Saidi, anakifunika na kisahani, na kinapoa mbele yangu. Jamani, naogopa kurudi nyumbani. Naogopa mlio wa simu ya mama yangu mzazi.

Juzi bosi wangu, Mnyarwanda aliyekulia Kongo, aliniita. "Bakiriya banalalamika," akasema, yaani wateja. "Mizigo inaonyesha imevuka, kumbe iko bado Bukavu. Kuko version mupya yenye inatengeneza iyo shida. Weka vendredi, bila kukosa." Yaani Ijumaa hii.

Ndipo nikasoma maelezo yote, neno kwa neno, kitu ambacho sikuwa nimekifanya. Kumbe ujumbe haujirudii wenyewe. Unajirudia pale tu simu ya mhusika inapowashwa na ile programu kufunguliwa, hata kama laini imetolewa, mradi kuna intaneti. Kwa hiyo kila alasiri, mahali fulani, kuna mkono unaoishika simu ya kaka yangu na kuifungua programu yangu. Mkono wa nani?

Nilimwambia bosi. Akasema kwa huruma, "Dada, telefone za kuibwa zinauzishwa kule kila siku. Usijiumize roho." Huenda ni kweli. Lakini mwizi anafungua programu ya mizigo ya nini?

Toleo hili jipya linakomesha ujumbe wa kujirudia. Na kuna jambo jipya: kwa mara ya kwanza ofisi itaweza kumwandikia mfanyakazi, naye akasoma. Zamani njia ilikuwa moja tu, wao wanasema, sisi tunapokea. Ila kila simu itadai namba ya siri upya, na namba ya Saidi anaijua Saidi peke yake. Nikishaliweka, siwezi kurudi nyuma. Kama ni yeye, ataingiza namba na atanisoma. Kama ni mwingine, simu ya Mama itanyamaza moja kwa moja.

Jana Mama, ambaye hajui lolote kuhusu toleo hili, alikuwa akikifunika kile kikombe. Akasema taratibu, "Mutoto anatusemesha kila siku, na sisi hatumujibu. Njo maana hafiki."

Nilitoka nje nikalia.

Maneno ya kumwandikia nimeshayaweka tayari: "Saidi, chai iko mezani." Kesho ni Ijumaa. Nisipoliweka, bosi ataliweka mwenyewe, labda nifukuzwe, labda nipate alasiri moja zaidi ya kumsikia. Nikiliweka, nitakaa mbele ya kioo cha kompyuta kungoja namba ya siri, na ikifika jioni haijaingizwa, mimi ndiye nitakayerudi nyumbani kumwambia Mama asibandike birika. Je, nimwambie leo, au nimwache anywe chai na mwanawe mara ya mwisho? Ninyi wenye mama, ninyi mliopotelewa na mtu, nisaidieni kabla hakujakucha. Nifanyeje?