Neno Alilotufundisha Dada Almaz

Ilikuwa saa kumi na robo alasiri, na Dada Almaz, Mwethiopia aliyepanga chumba cha tatu, alikuwa ameanza kukaanga buni. Harufu hiyo ndiyo pekee iliyoweza kuishinda ile ya machinjio ya Vingunguti. Mpaka leo nikiisikia, hasira hunipanda kabla ya hamu ya kahawa.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilijikwaa kwenye jiko la mama, sufuria ya uji ikanimwagikia mguuni. Dada Almaz alifika wa kwanza. Alinimiminia maji ya ndoo, kata baada ya kata, huku akirudia polepole, "Ayzosh, ayzosh."

Nililijua neno hilo, maana alinifundisha mwenyewe. Mwanamke huambiwa ayzosh, mwanamume ayzoh. Huambiwa aliyejikwaa, mgonjwa, mfiwa, hata mwanafunzi anayeogopa mtihani: jipe moyo, niko nawe. Sie tunasema pole. Ni neno zuri, ila mtu aweza kulisema huku anapita zake.

Jioni Bi Mwanahawa, mwenye nyumba, aliwaita wapangaji wote uani.

"Kamsomea mtoto wa watu," alisema. "Maji na maneno yasiyojulikana. Kwetu huo ni uganga."

"Ni kama pole, mama," alisema Dada Almaz.

"Si ungesema pole, basi? Au ya kwetu haiponyi?"

Watu wakacheka, watu wazima, waliokunywa kahawa yake kila Jumapili. Bi Mwanahawa akanigeukia.

"Eti mwanangu, alikuwa akisema nini?"

Nilimtazama mama. Akanibana bega kwa vidole vyake.

"Sijui," nikasema.

Dada Almaz alipewa mpaka asubuhi awe amehama. Mguu wangu ulipona bila kovu.

Kwa miaka mingi lawama zote nilimtupia Bi Mwanahawa. Juzijuzi tu mama ndiye aliyenisimulia kwamba mwaka ule ule mimba yake iliharibika, na Dada Almaz alikaa naye siku mbili sakafuni, kamshika mkono, akimwambia neno lilo hilo.

"Nililijua kuliko wewe," alisema.

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza.

"Angetufukuza na sie. Tungehamia wapi?"

Dada Almaz alihamia wapi, hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza.