Saa Isiyorudishwa Nyuma

Siku moja naikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu. Baba yako, kaka yangu niliyefuatana naye, alikuwa barazani kwetu hapa Mocímboa na wenzake, kila mmoja na saa zake za mkono, wanazigeuza na kuziweka sikioni. Babu yako akatoka na kopo la udhu, akauliza saa ngapi. Baba yako akaanza: hii ya Mjapani, ya kutia ufunguo, imetoka Mtwara, kioo chake hakijawahi kubadilishwa. Babu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuuliza saa ngapi," akasema. "Wewe unanisifia saa."

Tulicheka sana. Walikuwa na sheria yao wale: saa iliyotoka ng'ambo ya mto Ruvuma, kama hiyo ya Mtwara, hairudishwi nyuma, inabaki na majira ya kwao, yaliyo mbele ya yetu kwa saa moja. Ukimwuliza, baba yako alitazama, akapunguza saa moja kichwani, ndipo akujibu. Mimi niliona upuuzi mtupu, na bado naona.

Vita ilipotufikia tulikimbilia ufukweni. Nahodha akasema mashua ya mwisho inaondoka saa kumi. Baba yako akatazama ile ya Mtwara mkononi, mishale inaonyesha saa tisa. Akapunguza kama kawaida yake, akasema ni saa nane, muda upo tele. Akaivua, akampa mama yako amshikie, akarudi nyumbani kuchukua sanduku la zile nyingine. Wewe ulikuwa umeshapanda, umepakata sufuria.

Mama yako akaitazama ile saa, kisha akanigeukia, uso umemshuka.

"Wifi, niliirudisha nyuma jana," akasema. "Ili isome majira yetu. Nilichoka kupunguza. Sasa ni saa tisa kweli."

Tulimsihi nahodha akasubiri kidogo. Risasi zikaanza kusikika upande wa kwetu, naye akaondoka. Baba yako hakuonekana tena, na kaburi hatuna. Mama yako hajawahi kukueleza haya, na nakuomba usimwulize.

Sasa unafanya kazi jikoni kule Afungi, kwenye kambi ya gesi, na kila ukija likizo unashinda kwenye simu, mnaonyeshana saa na wenzio. Jana uliniomba ile ya baba yako, ambayo mama yako aliniachia niitunze. Ichukue. Kuitia ufunguo kila alfajiri kumenichosha, moyo haujapoa, wala sitegemei upoe.

Zipende saa, hilo umelirithi na siwezi kulizuia. Lakini ziweke kwenye majira ya watu unaoishi nao, wasiwe wanabahatisha. Ukiulizwa saa ngapi, jibu saa ngapi. Na siku ya kukimbia ikija tena, maana sioni kama imekwisha, panda mashua, sanduku liache.

Mungu akupe umri alioukosa baba yako. Na siku yako ikifika, ndugu zako wawepo wakuzike.